Shukrani kutoka kwa familia ya Mama Karani

Sisi watoto, wakaza wana na wajukuu wa marehemu mama yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Karani, tunawashukuru kwa dhati nyote mliosimama nasi tangu alipougua hadi tulipomzika. Mlituombea, mkachanga, mkakesha nasi matangani. Ni vigumu kumtaja kila mmoja.

Hata hivyo, hatuna budi kuwataja wastaafu wa lililokuwa Baraza la Jiji la Nairobi. Mama aliajiriwa City Hall akiwa msichana, akawa anapiga taipu kumbukumbu za vikao enzi za Mstahiki Meya Margaret Wambui Kenyatta, mwanamke wa kwanza Mwafrika kushika wadhifa huo Nairobi, kuanzia 1970 hadi 1976. Picha mliyotuletea hatukuwa tumewahi kuiona: Meya amevaa joho na mkufu wa jiji, na nyuma yake Mama, kijana mwembamba, amekumbatia faili kifuani. Wajukuu walipokezana kuitazama.

Wapo waliosema Margaret alipata kiti cha umeya kwa kuwa babake alikuwa Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa nchi. Mama hakukana kwamba jina hilo lilikuwa na uzito. Lakini alikuwa mkali kutukumbusha kwamba Margaret aliingia barazani mwaka 1963 akiwa diwani wa Dagoretti, akakaa na madiwani wenzake miaka saba kabla ya kuvaa mkufu. Na kabla ya hapo aliionja miaka ya Hali ya Hatari chini ya wakoloni, baba yake akiwa kizuizini. Baada ya umeya aliiwakilisha Kenya kwenye UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kisha akawa kamishna wa Tume ya Uchaguzi. Alipofariki Aprili 2017, Mama aliomboleza kama aliyefiwa na dada yake wa damu. Sisi mabinti zake tulisomeshwa kwa mshahara wa taipu ile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa kazi fulani ni ya wanaume.

Tunawashukuru pia madaktari na wauguzi waliomhudumia, mchungaji na kwaya, kamati ya mazishi, akina mama wa chama chake waliopika bila kuchoka, na majirani waliotufungulia nyumba zao kuwalaza wageni. Mliotuma rambirambi kutoka mbali, zilitufikia zote na tulizisoma kwa sauti mbele ya familia.

Mwenyezi Mungu awabariki na kuwarudishia maradufu.