Barabara zikinyooshwa, kona za zamani tuachieni wa baskeli

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wanaopanga barabara za Pemba, na masheha wetu pia, wakuu wa shehia, kabla magreda hayajamaliza kazi.

Mimi ni bwana shamba mstaafu. Kazi yangu yote niliifanya juu ya baskeli: kukagua mikarafuu Mtambwe, kushuka mabonde ya mpunga, kupanda tena upande wa pili hali nahema. Baskeli yenyewe Phoenix, ile nyeusi yenye keria ya chuma, na ningali nayo. Basi mwaka jana mwanangu, aliyeajiriwa jikoni katika mji wa Chalon-sur-Saône, mashariki ya Ufaransa, akanialika kwao nikapumzike. Mapumziko yenyewe yakawa kuzungushwa mashambani kwa baskeli.

Alinipa ya kwake ya pili, ya aina wanayoipenda sasa kwa njia za kokoto. Usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, breki ni za sahani, gia tele, na tairi hazina tyubu. Ndani hutiwa maji ya gundi yanayoziba yenyewe tundu la mwiba. Bei siitaji hapa, mama watoto husoma gazeti hili. Nikamwuliza upana wa tairi. Milimita 40. Nilicheka mpaka akaona haya, maana tairi ya Phoenix, ile ya 28 kwa inchi moja na nusu, nayo ni milimita 40. Kwa hiyo baskeli wallahi tunayo, tangu enzi za wazee wetu. Tunachokipoteza ni pa kuipanda bila ya kugeuka nyuma kila ukisikia honi.

Wenzetu wana njia za namna mbili ambazo gari hazikusumbui. Ya kwanza huiita voie verte, na imo katika sheria yao ya barabarani tangu 2004: ni ya baskeli, waendao kwa miguu na wapanda farasi. Chombo cha moto hakiingii. Tulipanda ile ya Givry hadi Cluny, kilomita 44, iliyofunguliwa mwaka 1997, ya mwanzo nchini mwao. Zamani ilikuwa reli. Treni zilipoacha kupita wakang'oa vyuma, tuta likabaki, wakalitia lami nyembamba. Na tuta la reli halina mlima wa kumshinda mzee, kwa sababu treni nayo haiwezi milima. Unapita baina ya mashamba ya mizabibu (kinachotengenezwa na zabibu zile hakituhusu, mimi nilitazama udongo: mweupe, wa chokaa, mawe matupu), kisha malisho ya ng'ombe weupe wa Charolais, wanene hata unasikitika ukiwakumbuka wa kwetu. Kila njia inapokatana na barabara kubwa pana nguzo katikati. Baskeli inapita, gari haipiti.

Kusini ya Cluny pana tundu la reli lililotobolewa chini ya kilima cha Bois Clair, mita 1,600 za kiza na baridi. Majira ya baridi hufungwa ili popo walale. Nikamwambia mwanangu, Wafaransa hawa siku moja tuwapeleke Kidike, kwetu Pemba, wakawaone popo wetu.

Namna ya pili ndiyo iliyonikaa moyoni. Ni njia za vijijini, za kifusi, zinazokata katikati ya makonde, kwa Kifaransa chemins ruraux. Mwenyewe ni kijiji, kile wanachokiita commune, na commune Ufaransa nzima ni karibu 35,000. Lakini njia ni wazi kwa kila mtu. Mkulima hupita na trekta lake, anakupungia mkono, vumbi linatua, mnaendelea na safari. Na kijiji kikitaka kuiuza njia hiyo, lazima kwanza ufanyike uchunguzi wa hadhara, kila mwananchi aseme lake. Hapo ndipo nilipokumbuka nyumbani.

Eka tatu tatu zilipogawiwa baada ya Mapinduzi, baina ya eka na eka watu waliacha ujia. Hakuna aliyeuandika, kwa kuwa hakuna aliyeutilia shaka. Sasa karibu na ninapokaa ujia wa kushukia bondeni umezibwa kwa ukuta wa matofali. Aliyejenga ana karatasi zake, sina ugomvi naye. Lakini watoto waliokuwa wakikatia huko kwenda skuli leo wanatembea ukingoni mwa barabara kuu, gari za abiria za chai maharage na bodaboda zinashindana pembeni yao, na kina mama wenye mapakacha ya karafuu vichwani wako hapo hapo.

Barabara nzuri nazitaka. Nimeona karafuu zilizoanikwa kwa taabu zikilowa njiani kwa sababu gari imezama kwenye tope. Ila barabara inaponyooshwa, kona za zamani hukatwa zikaachwa: vipande vya lami iliyochakaa chini ya miembe, ambavyo havichukui muda kuwa jaa, au mtu akajipimia kiwanja. Vipande hivyo ndivyo tuta letu la Givry. Unguja walikuwa na reli khasa, ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ikafunguliwa 1905. Leo nenda ukatafute juu yake pa kupita na baskeli kwa amani.

Ninachoomba ni kona hizo ziunganishwe na njia za mashamba, na kila sheha pamoja na kamati yake waziandike jia zilizobaki kabla hazijazibwa, upana uwe wa gari ya ng'ombe na baskeli kupishana. Midomoni ziwekwe nguzo, moja iwe ya kung'oka na ufunguo wake ukae kwa sheha, ili pakiwa na mgonjwa, au msimu wa karafuu ukifika, gari ipite. Na tusidanganyane kuhusu udongo. Huu wetu wa mfinyanzi ukinyeshewa hushika tairi mpaka gurudumu haligeuki. Njia inyanyuliwe mgongo katikati, mitaro ichimbwe kando, kisha kifusi cha mawe kishindiliwe. Kifusi kikimwagwa juu ya tope bila mtaro, masika ya kwanza kinateremka chote mpungani, na mwenye konde ndiye anayekizoa.

Vijana wa bodaboda wataniambia nawakatia riziki. Hapana, wanangu. Barabara mpya ni yenu, na ndiyo ya haraka zaidi. Wanaoshuka bondeni alfajiri na majembe ni mama zenu.

Watalii sikuwataja, ingawa najua ndilo neno linaloamsha watu ofisini. Wakija kupita kwenda msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi kwa baskeli, karibu sana, wanunue madafu. Lakini njia ikimfaa mtoto wa skuli wa Mtambwe itamfaa na Mfaransa.

Jia za upande wetu nazijua, zilizo wazi na zilizozibwa. Ofisa yeyote wa wilaya au wa wizara inayohusika akitaka kuzichora, aje baada ya sala ya alasiri, jua likishapungua, na asije na gari. Baskeli nitamwazimia.

Bwana shamba mstaafu,
Mtambwe, Wete, Pemba