Aliyenusurika moto asiambiwe "fumba macho, vuta pumzi ndefu"

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako turekebishe ushauri unaorudiwa kila inapotokea ajali kubwa, redioni, misibani, hata kwenye kurasa za afya: kwamba aliyenusurika afumbe macho, avute pumzi ndefu, asahau yaliyopita. Wanaoutoa wana nia njema. Lakini kwa mtu mwenye kiwewe, yaani mshtuko unaobaki baada ya tukio la kutisha, kufumba macho na kuvuta pumzi kwa nguvu kwaweza kumzidishia, na sababu imo mwilini. Si woga wala upungufu wa imani.

Chukua mtu aliyenusurika moto wa mafuta, kama ule wa Msamvu, Morogoro, wa tarehe 10 Agosti 2019 uliochukua roho za watu zaidi ya 100. Miaka imepita, yuko nyuma ya bodaboda, anapita karibu na sheli. Harufu ya petroli inamfikia kabla hajaifikiria. Vidole vinang'ang'ania chuma cha kiti, taya linakaza, moyo unakwenda mbio. Anajua kabisa kwamba hakuna moto. Ila sehemu ya ubongo inayopiga mbiu ya hatari haingoji hoja. Imeshauamuru mwili kumwaga adrenalini. Ndiyo maana "tulia, hakuna kitu" haimsaidii. Sehemu ya ubongo inayosikia maneno hayo siyo inayopiga mbiu.

Sasa afumbe macho. Macho ndiyo yaliyokuwa yakimpa ushahidi kwamba leo ni leo na hapa ni hapa. Yakifungwa, picha za moto zinabaki na uwanja mtupu. Avute pumzi ndefu, naye tayari anahema: hewa ya kaboni dayoksaidi inapungua katika damu, mishipa ya damu ya ubongo inabana, midomo inakufa ganzi, vidole vinachonyota, kizunguzungu kinamshika. Anaamini anakufa. (Maumivu ya kifua yanayotokea kwa mara ya kwanza yapimwe hospitali kabla ya yote.)

Anza na macho wazi na miguu. Mtu akae kwenye kiti chenye egemeo, mahali anapouona mlango, na mlango usifungwe kwa ufunguo. Akandamize nyayo zote mbili sakafuni kwa hesabu ya 5, aachie kwa hesabu ya 10, mara 4. Ageuze shingo taratibu, ataje kwa sauti vitu 5 anavyoviona: pazia, ndoo, kalenda. Usimshike begani bila kumwomba ruhusa, hata kama ni mwanao.

Pumzi ifuate baadaye, na kazi iwe katika kuitoa. Avute kimyakimya kwa pua kwa hesabu ya 4, atoe kwa hesabu ya 6 kama anayepoza chai bila kuimwaga. Hiyo ni takribani pumzi 6 kwa dakika. Tunapotoa pumzi, mshipa wa fahamu uitwao vagasi hupunguza mwendo wa moyo, kuvuta huuongeza. Aanze na dakika 1, afike 5 baada ya wiki moja au mbili, asubuhi na jioni, akiwa katika hali ya kawaida. Kosa tunalokutana nalo sana ni kungoja mpaka hofu imempanda kichwani ndipo mtu ajaribu kwa mara ya kwanza. Hakuna ajifunzaye kuogelea siku mtumbwi unapopinduka. Ganzi ya midomo ikianza, anavuta hewa nyingi mno: aache kuhesabu, arudi kwenye nyayo. Mwenye kifafa asihemeshwe kwa kasi kabisa.

Kuimba nako huirefusha pumzi ya kutoka. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walipima watu wanaosali rozari kwa Kilatini wakakuta pumzi zimeshuka hadi karibu 6 kwa dakika. Kwa hiyo anayetulizwa na kaswida au pambio asiambiwe anakwepa tiba.

Wapo wasiohema wala kutetemeka. Wanaganda: macho yanakodoa, sauti inafifia, mikono haisikii kitu. Hao msiwatulize, wamekwisha kutulia kupita kiasi. Wasimame, wasukume ukuta kwa viganja kwa sekunde 10, wanawe uso kwa maji baridi, watembee. Mwenye makovu ya moto asikaze misuli iliyo chini ya ngozi isiyopona, na aliyewahi kufungwa au kubanwa chini asilazwe chali.

Je, haya yana ushahidi? Kwa kiasi. Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwahusisha wanawake 64 waliougua kiwewe kwa muda mrefu. Baada ya saa 1 ya yoga kila wiki kwa wiki 10, 16 kati ya 31 hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo, dhidi ya 6 kati ya 29 waliopewa elimu ya afya tu. Hapa jirani, katika kambi ya Rhino nchini Uganda, wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini walishiriki utafiti wa mafunzo ya vikundi yaliyotumia sauti iliyorekodiwa, vikao 5 vya saa 2, yakiwemo mazoezi ya kujitia nanga, yaani kujirudisha hapa na sasa, namna hii. Miezi 3 baadaye waliopata mafunzo hayo walikuwa na dhiki pungufu, ingawa tofauti haikuwa kubwa. Lakini anayewauzia watu semina ya kutetemeshwa ili "kiwewe kilichokwama nyongani kitoke" anadai jambo lisilothibitishwa. Tiba za mazungumzo zinazolikabili tukio lenyewe, chini ya mtaalamu, ndizo zenye ushahidi mzito zaidi. Mazoezi ya mwili humwezesha mtu kuzivumilia.

Katika mwezi wa kwanza msimlazimishe mtu kusimulia yote. Wengi hupata nafuu wakiwa na ndugu, chakula na usingizi. Msimnunulie diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, dukani pia: tangu 2013 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za kundi hilo zisitolewe kwa mshtuko wa mwezi huo. Dalili zikipita mwezi mmoja na kumzuia kazi, apelekwe kliniki ya afya ya akili. Akitaja kujiua, apelekwe siku hiyohiyo na asiachwe peke yake njiani.

Ombi letu kwako, Mhariri: kila mnapochapa zoezi la pumzi, wekeni pembeni yake mstari mmoja, "Macho yaweza kubaki wazi, na unaweza kuacha wakati wowote." Kwa aliyenusurika, ruhusa hiyo ya kuacha ni sehemu ya tiba yenyewe, maana siku ya moto hakuwa nayo.

Wauguzi wa afya ya akili,
Morogoro