Albamu ya Jumamosi: boygenius

Ndugu wanakikundi,

Jumamosi saa mbili usiku tutasikiliza albamu ya mwaka 2023 ya boygenius, kundi la pembeni ambalo Julien Baker, Phoebe Bridgers na Lucy Dacus, kila mmoja akiwa tayari ni msanii anayejitegemea, waliliunda nchini Marekani mwaka 2018. Tafadhali zingatieni wimbo wa “$20”, ambao magitaa yake yenye mkwaruzo na mayowe ya mwishoni yanarudisha roki ya miaka ya 1990. Wala wenyewe hawakuficha mapenzi hayo, kwani kwenye jalada la jarida la Rolling Stone walivaa suti wakiiga picha ya mwaka 1994 ya Nirvana, bendi ya roki ya enzi hizo. Nyimbo za polepole, kwa maoni yangu, zimezidi kidogo. Wenye spika nzuri wanifahamishe kabla ya Ijumaa.