Matokeo ya shule ya kata yasomwe pamoja na hali ya watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni mzazi na mjumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari ya kata huku Kilolo, mkoani Iringa. Baada ya matokeo ya upimaji wa kidato cha pili kutoka, nilihudhuria kikao cha wadau wa elimu ambako orodha ya shule ilisomwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Yetu ilikuwa karibu na mkia. Mkuu wa shule akasimamishwa mbele ya wenzake aeleze kwa nini anatuangusha. Akaanza kueleza, akakatizwa, akaketi. Mwalimu yule namfahamu. Ndiye anayebaki na watoto hadi jioni, na zaidi ya mara moja nimemwona akitoa fedha yake mfukoni kumnunulia daftari mtoto wa mwenzake. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu.

Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora nilifurahi, nikadhani tumeachana na desturi ya kulinganisha visivyolingana. Kumbe imehamia huku chini kwetu.

Ukifungua matokeo ya shule yoyote kwenye tovuti ya Baraza, utakuta jedwali dogo: daraja la kwanza hadi la nne, kisha sifuri, wasichana wangapi na wavulana wangapi. Basi. Kitu pekee ambacho jedwali lile linakijua kuhusu mtoto ni jinsia yake.

Niwaeleze basi hawa watoto ni akina nani. Darasa la saba linapomalizika, wenye alama za juu kabisa huchukuliwa na shule za vipaji maalumu kama Kilakala, Mzumbe na Ilboru. Wenye wazazi wanaojiweza huenda seminari na shule binafsi za bweni. St. Francis ya Mbeya imewahi kuongoza nchi nzima, na nawapongeza kwa dhati masista na walimu wake. Lakini shule za namna hiyo humpima mtoto kwanza ndipo zimpokee. Shule ya kata haichagui. Inampokea kila aliyepangiwa, na inapaswa kumpokea.

Wengi wa waliopangiwa kwetu wametoka nyumba zinazozungumza Kihehe. Kiswahili walikikuta shuleni, wakakizoea, wakafanyia mtihani wa darasa la saba. Januari moja tu imepita, masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Siku moja nilikaa nyuma ya darasa la Baiolojia. Mwalimu alipouliza mmea unavyojitengenezea chakula, kimya. Alipouliza tena kwa Kiswahili, binti mmoja akasimama akaeleza usanisinuru vizuri, jua, maji, hewa ya ukaa, kila kitu mahali pake. Kwenye mtihani binti huyo atakuta swali la Kiingereza na ataacha nafasi wazi. Daraja atakalopata litasomwa kama hajui Baiolojia.

Kuna na suala la chakula, na hapa naomba wasomaji wanivumilie kwa sababu ni aibu yetu sote wana Iringa. Mkoa wetu unalisha miji. Nyanya za Ilula, viazi, mahindi, maharage, malori yanapakia karibu mwaka mzima. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 57 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 30. Utafiti uliotangulia, wa 2015-16, ulikuta asilimia 42 kwa mkoa wetu. Waliokuwa wadogo mwaka ule ndio hawa wanaovaa sare za sekondari sasa. Udumavu unagusa urefu, na unagusa ubongo pia. Kisha mtoto huyohuyo anakaa darasani tangu asubuhi hadi saa tisa, na kama wazazi hatujapeleka mahindi na maharage ya makande shuleni, anakaa na njaa. Kwa hili la mwisho wa kulaumiwa ni sisi wazazi, si mwalimu.

Wapo wanaoishi na bibi peke yake kwa sababu wazazi wamefariki. Mikoa ya Njombe na Iringa ndiyo inayoongoza kwa maambukizi ya virusi vya ukimwi nchini, na yatima wa ugonjwa huo wamo madarasani mwetu. Wapo waliopanga geto karibu na shule kwa kuwa kwao ni mbali. Wasichana wa miaka kumi na minne wanapika wenyewe, wanalala bila mtu mzima, Ijumaa wanapanda mlima kwenda kufuata unga. Wavulana wengine, masika yakifika, wanagema ulanzi, pombe ya mianzi, asubuhi na jioni. Kiangazi kila mkono unahitajika kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, na kazi hiyo inaendelea hadi karibu na mitihani ya mwisho wa mwaka.

Tangu ada ilipoondolewa mwaka 2016, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani wamekuja. Tangu Novemba 2021 wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi. Kwetu alirudi mmoja. Matroni na mwalimu wa taaluma walikwenda nyumbani kwao mara tatu kuzungumza na baba yake. Alirudi, akasoma, akafanya upimaji wa kidato cha pili, akapata daraja la nne. Kwenye orodha ile iliyosomwa kikaoni, binti huyu amehesabiwa upande wa waliotuangusha. Kama walimu wale wangemwacha akae nyumbani, wastani wa shule ungependeza zaidi. Nilipolielewa jambo hilo nilikosa usingizi. Tunampima mwalimu kwa namna inayomfanya apate nafuu mtoto dhaifu anapoacha shule.

Wapo watakaosema natetea uzembe. Walimu wazembe wapo, nimewaona, na sitaki wafichwe. Ndiyo maana nataka kipimo kinachoweza kuwatambua. Kila mtoto ana namba ya PReM, namba ya utambulisho wa mwanafunzi, inayomfuata kutoka shule ya msingi hadi sekondari. Alama aliyotoka nayo darasa la saba inajulikana, na ya kidato cha pili inajulikana. Watoto walioingia na C wamefika wapi baada ya miaka miwili? Hilo ndilo swali la kumwuliza mkuu wa shule. Huenda tukakuta shule iliyo juu kwenye orodha ilipokea watoto wa A na B ikawashusha, na shule ya mkiani ikawa imewapandisha wa kwake.

Hali nyingine za watoto si siri pia. Kila mwaka wakuu wa shule hujaza takwimu za TAMISEMI: yatima, wenye ulemavu, walioacha shule na sababu za kuacha. Karatasi zinajazwa, zinapelekwa, na siku ya kikao hazionekani mezani.

Bodi yetu imeamua kuandaa karatasi moja, bila jina la mtoto yeyote: wangapi waliingia na alama gani, wangapi wanatembea zaidi ya kilomita tano, wangapi wamepanga, wangapi wanaishi bila mzazi, wangapi wanakula mchana, wangapi walirudi baada ya kuacha, na wamefaulu vipi. Nawaomba wazazi wenzangu wa bodi nyingine, kuanzia Mufindi hadi Makete na Mbarali, waandae za kwao. Na kwa viongozi wa elimu wa wilaya yetu nina ombi moja: kikao kijacho kabla orodha haijasomwa, mkuu wa shule yetu apewe dakika kumi aisome karatasi hiyo hadi mwisho bila kukatizwa.

Wako,
Mzazi na mjumbe wa bodi ya shule,
Kilolo, Iringa