Kinuosu si lahaja ya Kichina

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nisahihishe mambo mawili yaliyomo katika makala mliyochapisha wiki iliyopita kuhusu watu wa milima ya kusini-magharibi mwa China. Mwandishi aliyaeleza vizuri mavazi na ngoma zao, nami nilifurahi kuona habari zao zikisomwa kwa Kiswahili, lakini alipofika kwenye lugha yao aliimaliza kwa sentensi moja: kwamba ni lahaja ya Kichina ya makabila ya Walolo, na kwamba maneno yake huandikwa kwa herufi za ziada zisizotamkwa, ambazo kwa sababu hiyo aliziondoa.

Lugha hiyo ni Kinuosu. Wazungumzaji wake, wapatao milioni 2, wanaishi zaidi Liangshan, kusini mwa jimbo la Sichuan, na wengine katika jimbo jirani la Yunnan. Serikali ya China huwahesabu pamoja na Wayi, ambao katika sensa ya mwaka 2010 walizidi milioni 8, ingawa chini ya jina hilo moja zimekusanywa lugha nyingi ambazo wasemaji wake hawaelewani. Ndugu wa karibu wa Kinuosu ni Kilisu, Kilahu na Kihani, kisha Kiburma cha nchini Myanmar; tano kwa Kinuosu ni *nge*, na kwa Kiburma ni *nga*. Undugu na Kichina upo, ila ni wa kale mno. Kihindi na Kiingereza nazo zina asili moja, na sijasikia mtu akisema kwamba moja ni lahaja ya nyingine.

Jina Lolo nalo lingefaa kuachwa. Wanaisimu bado wanalitumia kwa kundi zima la lugha hizi, ingawa baadhi yao sasa wanapendelea jina Ngwi, lakini wenyewe wanalihesabu kuwa tusi, na wana haki, kwa kuwa katika maandishi ya zamani ya Kichina liliandikwa kwa alama yenye sehemu inayomaanisha mbwa. Wenyewe hujiita Nuosu.

Sasa nije kwenye herufi zilizokatwa, maana hapo ndipo kosa lilipo kubwa. Kinuosu ni lugha ya toni: silabi ile ile ikipandishwa sauti huwa neno moja, na ikishushwa huwa neno jingine kabisa. Wanapoiandika kwa herufi za Kilatini huweka *t* mwishoni mwa silabi kuonyesha toni ya juu, *p* kuonyesha toni ya chini inayoshuka, na *x* kuonyesha toni iliyo juu kidogo ya ile ya kati. Toni ya kati yenyewe haiwekewi alama. Kwa hiyo namba sita, inayoandikwa *fut*, hutamkwa *fu* kwa sauti ya juu, wala hakuna *t* inayosikika. *Hxit* ni nane na *hxip* ni kusema. Ondoa herufi ya mwisho katika maneno hayo mawili, nayo yatakuwa neno moja lisilo na maana yoyote kati ya hizo. Mwandishi wenu alisema kweli kwamba herufi hizo hazitamkwi kama konsonanti, lakini kuziondoa ni kuiondoa toni, na toni ni sehemu ya neno kama zilivyo irabu zake.

Kutokana na hayo msomaji atatambua jambo linalotuhusu kwa karibu: kila silabi ya Kinuosu huishia kwenye irabu, kama ilivyo katika maneno yetu ya asili. Zaidi ya hapo, lugha hiyo ina *mb*, *nd* na *ng* mwanzoni mwa silabi. Nilipokuwa masomoni Chengdu, mji mkuu wa Sichuan, niliwafundisha wenzangu wachache wa bweni maneno ya Kiswahili. Wale waliolelewa kwa Kichina walihangaika sana na *mbuzi*, wakawa wanatanguliza irabu kabla ya *m*. Kijana mmoja wa kutoka Liangshan alilitamka mara ya kwanza bila taabu, kisha akaniuliza kwa nini wenzake wanalikata vipande. Mimi nilipojaribu lugha yake nilikwama kwenye *hm* na *hn*, ambazo ni *m* na *n* zinazotolewa kwa pumzi ya puani bila mtetemo wa koo, na kwenye irabu zinazotamkwa kwa kukaza koo. Nilizirudia kwa wiki kadhaa.

Wanuosu pia wana hati yao wenyewe. Kwa karne nyingi ilitunzwa na *bimo*, makuhani waliorithishana vitabu vya matambiko baba kwa mwana, na alama zilitofautiana kutoka mahali hadi mahali. Katika miaka ya 1970 ilisanifishwa, na mwaka 1980 Serikali Kuu ya China ikaiidhinisha, ikiwa na alama za msingi 819, kila moja ikisimamia silabi nzima pamoja na toni yake. Silabi za ile toni ya *x* huandikwa kwa kuweka kijiupinde juu ya alama nyingine. Katika hati hiyo sita na nane zina alama zake kamili, na hakuna mhariri anayeweza kupunguza mwisho wa mojawapo.

Ninachoomba, Mheshimiwa Mhariri, ni kwamba mchapishe masahihisho yanayoitaja lugha hii kwa jina lake la Kinuosu, na orodha ya namba iliyokuwa kwenye kisanduku pembeni mwa makala irudiwe ikiwa kamili: *cyp, nyip, suo, ly, nge, fut, shyp, hxit, ggu, ci*.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili,
Morogoro