Kabla ya kununua kompyuta, hesabu saa zako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme neno kwa waajiriwa wenzangu, hasa walimu na wauguzi wa wilayani, ambao kila dirisha la udahili linapofunguliwa hujaza fomu za kusoma shahada kwa njia ya mtandao wakiamini kwamba wamepata chuo kisichodai muda wao. Nasema hivyo nikiwa nimeshindwa masomo ya namna hiyo mara moja na kuyaweza mara ya pili. Nilijiandikisha mwaka 2016 nikaacha kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Nikajiandikisha upya mwaka 2018, na mwaka 2024 nikahitimu, yaani miaka 6 kwa shahada ambayo kijana anayeishi chuoni huimaliza kwa miaka 3. Sioni haya kuitaja miaka hiyo, kwa sababu ndiyo iliyoniponya.

Mara ya kwanza nilijiandaa kwa vitu. Nilichukua mkopo nikanunua kompyuta mpakato, nikanunua modemu na meza mpya, kisha nikajiandikisha masomo yote ya muhula kama mtu asiye na kazi. Sikuwahi kujiuliza nitayasoma saa ngapi. Nilidhani kwa kuwa hakuna kipindi cha saa mbili asubuhi wala mhadhiri wa kuita majina, basi masomo yatajipenyeza yenyewe katika siku yangu, baada ya kusahihisha madaftari na kabla ya taarifa ya habari. Hayakujipenyeza. Kufikia wiki ya tano nilikuwa na mada nne nisizozifungua, kazi mbili nisizozikabidhi, na ile aibu inayomfanya mtu aogope hata kuingia kwenye akaunti yake asije akaona alivyoachwa nyuma.

Laiti mtu angenipigia hesabu ndogo ifuatayo siku ile. Katika mfumo wa vyuo vikuu vyetu, unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni sawa na saa 10 za kujifunza, zikijumlishwa za kusikiliza mhadhara, kusoma, kuandika kazi na kujiandaa kwa mtihani. Shahada ya miaka 3 ina krediti zisizopungua 360, maana yake 120 kwa mwaka. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka, au 600 kwa muhula. Zigawe kwa muhula wa wiki 17, unapata saa 35 kila wiki, nayo ni ajira nyingine kamili juu ya ile inayokulipa mshahara. Ukijiandikisha nusu ya mzigo, bado unadaiwa karibu saa 18 kwa wiki. Njia ya mtandao haipunguzi hata saa moja kati ya hizo. Inachokuondolea ni nauli na kodi ya chumba mjini.

Mwaka 2018 nilianza na hizo 18 na kuzitafutia mahali kabla sijalipa ada. Nikapata mbili kila siku ya kazi, kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili, jumla 10. Tano Jumamosi, na tatu Jumapili mchana. Kwenye karatasi ilionekana nyepesi. Shida ni kwamba saa za Jumamosi hazikuwa zangu peke yangu. Huku kwetu Jumamosi ni ya vikao vya harusi, ya misiba, ya mgeni anayepita akitokea Tanga mjini na kapu lake la samaki, na msimu wa machungwa ni ya shamba. Mtu anayekwenda chuoni kwa basi, familia nzima humuaga na jirani hujua hayupo. Lakini anayesomea sebuleni yupo, anaonekana, kwa hiyo anatumwa. Mama yangu mzazi alikuwa akiniona mbele ya kompyuta akiniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwa kuwa umekaa tu, hebu nipeleke zahanati."

Kwa hiyo maandalizi ya kweli niliyoyafanya yalikuwa kikao cha familia. Nilimweleza mama, mama watoto na watoto wenyewe kwamba nimekuwa mwanafunzi, nikawaonyesha saa zangu, na pia nikasema ni saa zipi ambazo sitagusa kitabu hata kuwe na mtihani kesho yake, maana ukidai siku nzima hutapewa hata nusu. Niliwaaga wanakamati wa harusi mbili, nikatoa mchango na kuomba radhi ya vikao. Ratiba ilibandikwa mlangoni, na mtoto wangu wa pili, aliyekuwa darasa la tatu, ndiye aliyejifanya askari wake. Akinikuta natazama mpira kwenye simu saa ya kusoma alikuwa akinishtaki kwa mama yake. Naamini wengi wanaoacha masomo haya huwa wameshashindwa kwao, kwenye mambo kama haya, muda mrefu kabla mhadhiri hajatunga mtihani.

Vifaa navyo vina sehemu yake, ingawa si kubwa kama wauzaji wanavyotaka tuamini. Simu janja inatosha kusomea maandishi na kufuatilia majadiliano. Haitoshi kuandikia insha ya kurasa kumi. Kwa kazi hiyo, asiye na kompyuta ni heri atenge siku moja kwa wiki aende steshenari akachape mwenyewe kuliko kumwachia kijana wa pale amchapie na kumharibia marejeo. Video za mihadhara hula bando haraka, kwa hiyo nilisoma maandishi kwanza na kufungua video kwa yale tu yaliyonishinda, na mara nyingi nilizipakua usiku. Tena pakua mapema. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi kwa kukosa intaneti. Nilikuwa najiandaa kwa mitihani yangu ya mwisho. Wenzangu waliozoea kusoma moja kwa moja mtandaoni walikaa wakitazama duara linazunguka; mimi nilikuwa na mafaili yote kwenye kompyuta na nakala zake kwenye flashi, nikaendelea.

Niongeze jambo moja ambalo huenda likaonekana dogo. Kazi yangu ya kwanza kabisa, mwaka ule wa 2016, nilipata sifuri kwa sababu ya saa. Tangazo lilisema ikabidhiwe Ijumaa saa 12:00 AM. Mimi niliyelelewa nikijua kwamba saa kumi na mbili ni jua likizama, niliketi kuipakia Ijumaa jioni, kumbe mlango ulikuwa umefungwa tangu saa sita usiku wa kuamkia siku hiyo. Mtakaocheka mna haki ya kucheka, lakini katika kundi letu hatukuwa wawili wala watatu. Na kama chuo kiko ng'ambo, ongeza tofauti ya majira: saa sita usiku ya London, wakati wa baridi, kwetu ni saa tisa usiku. Tangu hapo kila tarehe ya mwisho naiandika kwa saa zetu za Kiswahili kwenye kalenda ya ukutani, nikiirudisha nyuma siku mbili, maana umeme wa kwetu hauheshimu tarehe ya mtu.

Kuhusu kundi la WhatsApp, ambalo siku hizi kila darasa la mtandaoni linalo, naona linasaidia na kudhuru kwa kiasi kinacholingana. Ndimo nilimopata taarifa ambazo chuo kilisahau kuzitangaza, na ndimo nilimopata wenzangu watatu wa Korogwe na Lushoto tuliokutana ana kwa ana mara moja kwa mwezi kusoma pamoja. Lakini ndimo pia kila juma mtu huandika "mwenye majibu atume", na majibu hutumwa. Anayekabidhi kazi ya kuazima, iwe ya mwenzake au iliyoandikwa na programu za akili unde, atakutana na swali lile lile kwenye chumba cha mtihani akiwa peke yake na kalamu, na huko ndiko sapu nyingi, yaani mitihani ya marudio, zinakotoka. Jukwaa la majadiliano la somo lenyewe, ambako mhadhiri anasoma na kujibu, mara nyingi liko tupu. Wengi wetu tunaogopa kuandika Kiingereza chenye makosa mbele ya watu. Mimi nilijilazimisha kuuliza swali moja kila wiki, kwa Kiingereza changu hicho hicho, na nikagundua kwamba mhadhiri aliyenijua kwa maswali alinijibu upesi hata nilipopata tatizo la matokeo.

Wapo wanaoziita shahada za namna hii za mteremko. Nao nawaomba wakumbuke kwamba kusoma ukiwa mbali na chuo hakukuja na intaneti. Wazee wetu walisoma kwa njia ya posta chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima; marehemu baba yangu alikuwa akisubiri bahasha ya masahihisho kwa majuma kadhaa, na aliihifadhi kama hati ya shamba. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na jirani zetu wa Kenya walizindua Chuo Kikuu Huria chao mwaka 2023. Hii si njia ya wavivu, na kwa kweli mvivu ndiye wa kwanza kuikimbia, kwa kuwa hakuna wa kumwamsha.

Lawama zote nisijitwishe mimi na wanafunzi wenzangu, kwani vyuo navyo vina deni. Chuo nilichoanzia mwaka 2016 kilinitumia namba ya malipo ndani ya siku moja, lakini hakuna aliyenieleza mzigo wa masomo kwa saa, wala hakuna aliyenionyesha namna ya kupakia kazi hadi siku ya kazi yenyewe. Napendekeza kwamba matangazo ya udahili wa masomo ya mtandaoni yaandike saa za kusoma kwa wiki kando ya kiasi cha ada, kwa herufi za ukubwa ule ule. Napendekeza pia kwamba wiki mbili za mwanzo ziwe za mazoezi, mwanafunzi apakie kazi isiyo na alama, aulize swali moja jukwaani, afungue maktaba ya kidijitali na kupakua makala moja, na asiyeweza apigiwe simu na mtu, si na mashine. Na tarehe za mwisho zitangazwe kwa saa zetu, zikisema wazi ni usiku wa kuamkia siku gani. Hayo hayahitaji bajeti ya serikali, na yanaweza kuanza katika udahili ujao.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa sekondari,
Muheza, Tanga.