Kabla ya kumkosesha mtoto, leteni beseni la maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu yako ya barua. Mimi ni fundi bati hapa Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ni majiko, makarai, mifereji ya paa, na zamani koroboi, kabla taa za sola hazijaiua biashara hiyo. Ualimu sikusomea. Ila nina mjukuu wa darasa la tatu, na kwa kuwa mama yake anarudi kutoka sokoni usiku, madaftari ya kijana huyu nayakagua mimi.

Majuzi daftari la sayansi limerudi na zoezi la kuandika kama kitu kinaelea au kinazama. Jiwe, chuma, mbao, plastiki. Kwenye jiwe kaandika linazama, kapata. Kwenye chuma kaandika "inategemea". Kwenye mbao vilevile, "inategemea". Yote mawili kakoseshwa kwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa jibu linalotakiwa: chuma kinazama, mbao inaelea.

Mhariri, mtoto huyu anaogelea Raskazone. Akiinua kichwa majini anaziona meli zimetia nanga zikisubiri zamu ya kushusha mzigo, na anajua fika kwamba hazikuundwa kwa mninga. Na kuhusu mbao, kijana alishawahi kuichukua nyundo yangu ya mpingo, ile ninayonyooshea bati, akaitumbukiza kwenye pipa la maji bila ruhusa. Ikaenda chini moja kwa moja. Mpingo ni mzito kuliko maji. Wanaonunua vinyago wanalijua hilo, maana kuna wauzaji wanaopaka mti mwepesi rangi ya viatu na kuuita mpingo, na ndoo ya maji huwaumbua. Kwa hiyo "inategemea" ya mjukuu wangu haikuwa ya kubahatisha. Aliona.

Simlaumu mwalimu. Nina hakika naye anajua kwamba meli ni za chuma. Tatizo ni zoezi lililotungwa kana kwamba kila kitu kina sifa moja tu, ya kukariri, na hakuna nafasi ya mtoto kuuliza: kitu chenyewe kina umbo gani? Kinene au chembamba? Kitupu ndani au kimejaa? Ukiyafuta maswali hayo umelifuta somo lenyewe, umebakiza imla.

Niseme ninavyofanya mimi kwenye kibanda changu, maana watoto wa mtaa hukusanyika pale jioni nikiwa nafunga kazi. Nachukua kopo tupu la nyanya, nalifuta, kingo nimeshazikunja. Naliweka kwenye beseni la maji, linaelea. Nawauliza, kopo hili la nini? La bati. Bati ni nini? Chuma. Haya. Nalitoa, nalikanyaga, nalikunja, naligonga kwa nyundo mpaka linakuwa donge lisilo na uwazi ndani. Nalirudisha majini, linazama. Hapo huwa kuna kelele. Kopo ni lilelile, uzito uleule, sijakata hata kipande. Mmoja atasema nimelifanya zito. Nampa mizani ya kupimia vyuma chakavu, apime mwenyewe kopo bovu na kopo zima la aina ileile.

Kinachofuata ndicho kitamu, na hakihitaji maneno makubwa. Kopo likiwa wazi linasukuma maji mengi pembeni, na uzito wa maji yale yaliyosukumwa unatosha kulibeba. Likiwa donge linasukuma maji kidogo tu, hayawezi kulibeba. Mtoto wa miaka sita hawezi kukueleza hivyo, lakini anaweza kuchukua udongo wa mfinyanzi, akafinyanga gololi ikazama, kisha akaubonyeza udongo uleule ukawa kibakuli, ukaelea. Nimewaona wakifanya hivyo na wakaanza kupakia kokoto kwenye vibakuli vyao, wakishindana nani ana chombo kinachobeba zaidi. Hakuna aliyewatuma. Tena wakagundua wenyewe kwamba udongo mbichi ukikaa majini unalegea na chombo kinamomonyoka, na hapo ndipo swali la kwa nini chungu huchomwa linapokuja bila kuitwa.

Nchi hii ina mfano mkubwa ambao ningependa kila darasa lisimuliwe: meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli kuelekea Kigoma. Huko ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Chuma kilekile kilichoelea kikazama, kwa kuruhusu maji yaingie. Na kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mitambo iliyokaa majini miaka mingi ilifaa kutengenezwa tena kwa sababu grisi haikuruhusu maji na hewa kukigusa chuma.

Hiyo grisi ni somo la pili, na kwa sisi wa pwani ni somo la kila siku. Misumari minne, vikopo vinne. Mmoja umewekwa mkavu, mmoja kwenye maji ya bomba, mmoja kwenye maji ya bahari, mmoja umepakwa grisi na kutiwa maji ya bahari vilevile. Watoto wachungulie kila asubuhi na kuchora wanachokiona. Baada ya wiki watakuwa wanajua kwa nini bati la nyumba ya ufukweni linaoza mapema kuliko la Korogwe, na kwa nini bati la kuezekea lina zinki juu yake. Zinki ikishaliwa, kutu haina wa kuizuia. Watoto waliojua hilo wangekuwa wateja wagumu kwangu, lakini afadhali mteja mgumu kuliko anayekuja kunilaumu jiko limetoboka baada ya yeye kuliacha nje masika nzima.

Kuna na sumaku. Spika ya redio mbovu ina sumaku nzuri kuliko zile za dukani. Kila mnunuzi wa vyuma chakavu anayo mfukoni, ndiyo inayomwambia hiki ni chuma na hiki ni alumini au shaba, na bei zake ni mbalimbali. Mtoto akipewa sumaku na sufuria ya alumini, msumari, waya wa shaba, kifuniko cha soda na kijiko cha plastiki, ataacha kusema kwamba sumaku inavuta "vitu vinavyong'aa".

Lakini hapa nina neno la tahadhari, na ni la dhati. Wapo watoto wa umri huo ambao tayari wanajua thamani ya shaba, wanachoma nyaya za umeme majalalani ili plastiki itoke. Moshi ule ni sumu. Wengine wanapasua betri za gari wakitafuta madini ya risasi, na ndani mna tindikali. Somo la sifa za vitu lisipowafikia darasani, watafundishwa jalalani, na jalala halionyi mtu. Mwalimu awaambie wazi: plastiki haichomwi, betri haipasuliwi, thina hainuswi.

Nimezungumza na mwalimu mmoja jirani, akaniambia, "Mzee wangu, watoto wale walivyojazana, hilo beseni nitaliweka wapi?" Ana haki. Mimi nikiwa na watoto kumi kibandani tayari pumzi zinaniishia. Hata hivyo nikamwambia, kila mtoto alete kitu kimoja kutoka nyumbani, kifuu, kipande cha kitambaa, mwiko, kopo, tambara la nailoni, na shule haitatoa shilingi. Beseni likae uwanjani chini ya mwembe, safu moja ije wakati nyingine zinaandika. Kabla ya kutumbukiza, kila mmoja aseme anafikiri itakuwaje. Nadhani hapo ndipo palipo na kazi yote, kwa sababu mtoto aliyekwisha kusema kifuu kitazama ataangalia kwa macho mengine kabisa kifuu kikielea.

Na si lazima kungoja darasa la tatu. Wa awali hawahitaji kuandika neno lolote ili wajue kwamba kijiko cha bati kwenye chai kinaunguza vidole na mwiko wa mti hauunguzi. Mafuta ya nazi hapa Tanga ni maji karibu mwaka mzima, yapeleke Lushoto mwezi wa saba yanaganda meupe ndani ya chupa. Mtoto yeyote mwenye shangazi Lushoto amekwisha kuliona hilo.

Ombi langu kwa wanaotunga mazoezi na mitihani ya watoto ni dogo. Acheni mstari mmoja mtupu chini ya kila swali la namna hii, wenye neno "kwa sababu". Mtoto akiandika kwamba chuma kinaelea kikiwa na umbo la meli, apate. Akiandika "inategemea" bila sababu, mkosesheni, sitalalamika.

Walimu wa hapa Ngamiani wanaotaka vipande vya bati, alumini na waya wa shaba kwa ajili ya darasa, waje kibandani kwangu baada ya alasiri, nawapa bure. Kingo nitakuwa nimezikunja ili zisikate vidole. Vioo msiniombe, sitoi.

Babu wa darasa la tatu,
Fundi bati, Ngamiani, Tanga